Ubao Mtupu wa Mzee Abuya

Kaeni vizuri, na mwenye simu aizime. Mwishoni nitawauliza swali, na sitaki mtu aniambie kwamba mwanzo hakuusikia. Nyinyi wepesi wa kujibu ndio nawaomba mtulie zaidi. Hadithi hii iliwahi kuwakalisha watu wazima mezani mpaka chai ikapoa, na waliondoka wakiwa bado wanabishana njiani.

Huko Naivasha, upande wa ziwa wenye mafunjo mengi, palikuwa na nyumba ya mabati iliyopakwa rangi ya kijani. Mimi nilikuwa jirani yao, ua kwa ua. Ndani ya nyumba hiyo walikulia ndugu watatu, na kila mmoja alikuwa na kipaji chake.

Akeyo, kifungua mimba, alikuwa na mkono. Ukimwonyesha kopo juu ya ukuta na kumpa kijiwe, wewe jiandae tu kuliokota kopo. Siku moja aliichukua fimbo ya kuvulia ya baba yake akairusha ndoana uani kwa mchezo, ikapita katikati ya nguo zilizoanikwa, ikatua ndani ya karai. Haikugusa hata soksi.

Ogola, wa pili, alikuwa na macho. Pale ambapo mimi na wewe tungeona maji, yeye aliona samaki, na aliona kama samaki yule ameshiba au ana njaa. Baba yake alimkalisha mbele kwenye boti. Ogola akinyoosha kidole, boti ilizimwa na kila mtu akanyamaza, hata mabwana waliotoka Nairobi na kofia zao za bei.

Adoyo, kitinda mimba, alikuwa na vidole. Kikombe kikivunjika asubuhi, jioni kilirudi kabatini, na ufa wake usingeuona mpaka umimine chai. Wenzake walipotoka kucheza, yeye alibaki na baba yake kwenye banda lake la kazi, akimshikia uzi na sindano.

Sasa baba mwenyewe. Mzee Abuya alitoka upande wa Nyanza akiwa kijana, akaja Naivasha kuendesha boti za wavuvi wa starehe, akamwoa Wangeci wa hapo hapo, akasahau kurudi. Hawa wavuvi wa starehe walimtafuta samaki anayeitwa besi. Ni mgeni, aliletwa ziwani zamani sana. Ana mdomo mpana, mgongo wa kijani, na mstari mweusi ubavuni. Mtu akimpata besi mkubwa alitaka kumtundika ukutani sebuleni kwake. Hapo ndipo Abuya alipojifunza ufundi wake wa pili: kumchuna samaki ngozi nzima nzima, kuikausha, kuijaza, kumrudishia rangi yake na jicho la kioo, na kumpigilia kwenye ubao akaonekana yuko karibu kuogelea. Watu walimletea samaki kutoka mbali.

Lakini mzee yule alikuwa na kichwa kigumu. Hakukubali kumtundika samaki kwa sababu tu ni mkubwa. Ukimletea, alimlaza juu ya gunia bichi mezani, akaweka kisu kando, akavuta kiti, akakwambia, "Haya, nisimulie ulivyompata." Ukasimulia. Kama masimulizi yako yalikuwa na maana, alichukua kisu na kumkata ubavu ule utakaoelekea ukutani, polepole, ili ngozi isiharibike. Kama hayakuwa na maana, alimkata tumboni kama samaki wa kawaida na kukuonyesha njia ya jikoni.

Nakumbuka bwana mmoja mnene alileta besi ambaye mpaka leo sijaona wa kumfikia. Abuya akauliza, "Alikusumbua?" Bwana akajibu kwamba alikuwa amesinzia, akaamka samaki ameshanasa. "Basi huyu ni wa kukaanga," Abuya akasema. Yule bwana alinuna, lakini alikula. Na msichana mmoja wa shule alileta kibesi kidogo, akasimulia jinsi alivyomvua na bibi yake asiyeona, bibi akishika uzi na yeye akimwambia vuta, legeza, vuta. Abuya alimtundika kibesi yule na hakutaka malipo. Sisi majirani tulikuwa tunajaa mlangoni kusikiliza. Ah, tulikuwa na raha wakati ule, na hatukujua kwamba ni raha. Tulidhani ni Jumamosi tu.

Sebuleni kwake mwenyewe Abuya alikuwa na ubao mmoja, wa mzeituni pori, aliouchonga na kuusugua kwa mikono yake mpaka ukawa laini kama shavu la mtoto. Ulikaa ukutani miaka na miaka bila samaki. Wageni walimtania, "Mzee, huyu samaki wako amekonda sana, hata haonekani!" Naye aliwajibu, "Bado hajaja. Akija mtamwona."

Hakuja. Abuya ndiye aliyeondoka kwanza. Kabla hajafa alimwambia mkewe, nami nilikuwepo kando ya kitanda, "Mama Akeyo, ubao ule usiuuze wala usiugawe hivi hivi. Mpe mtoto wetu atakayemleta samaki wake." Akafunga macho. Tukamzika, na ubao ukabaki mtupu.

Kisha ziwa likaanza kupanda. Nyinyi wa Naivasha mnaikumbuka miaka ile. Kwanza maji yalichukua mafunjo, halafu shamba la sukuma wiki, halafu uzio wa seng'enge. Mwishowe yaliingia uani kwa Mama Akeyo yakaizunguka nyumba, ikabaki baraza ya jikoni tu na njia nyembamba ya kutokea nyuma. Viboko walikuwa wanalala penye kibanda cha kuku. Watoto watatu, ambao sasa walikuwa na kazi na nyumba zao, Akeyo Thika, Ogola Eldoret, Adoyo Nakuru, walikuja kumhamisha mama yao. Mimi nilibeba kabati. Mgongo wangu haujanisamehe mpaka leo.

Siku hiyo hiyo ya kuhama ndipo samaki alipokuja. Sikilizeni vizuri hapa, maana hapa ndipo ugomvi ulipo.

Ogola alikuwa amesimama barazani akiangalia uwanja waliouchezea utotoni, sasa ni maji matupu. Uani palikuwa na meza ya mbao ambayo baba yao aliitumia kuparia samaki. Maji yalikuwa karibu kuifunika. Sisi tulipita barazani na magodoro asubuhi nzima, hatukuona kitu. Ogola akainua mkono, na kwa mazoea ya zamani wote tukanyamaza. "Chini ya meza ya Baba," akasema. "Kuna besi. Mkubwa." Tukakodoa macho. Hakuna. Akakaa chini, akatazama kwa muda mrefu. Halafu akatueleza: jua likiwaka anaingia kwenye kivuli cha meza, wingu likipita anatoka upande wa mpera, anazunguka, anarudi upande huo huo. "Akitoka sasa, hatakula. Atakula akiwa anarudi, na ni pale tu, kati ya mguu wa meza na nguzo ya kamba ya nguo." Bila macho yale tungefunga mlango na kuondoka, na samaki angebaki chini ya meza ya marehemu bila mtu kujua.

Akeyo aliweka chini sufuria alizobeba. Akaiomba fimbo ya baba yake, ambayo tulikuwa tumeshaifunga pamoja na fito za mapazia, akafungia chambo cha bati kilichochongwa kutoka kwenye kijiko. Kuingia majini hakuthubutu mtu, kwa sababu ya viboko. Ilikuwa lazima arushe kutoka barazani, chini ya tawi la mpera, juu ya kamba ya nguo, kando ya seng'enge, kwenye nafasi isiyozidi upana wa beseni. Wingu likapita. Wingu likaondoka. Akarusha mara moja tu. Maji yakapasuka, fimbo ikapinda, samaki akakimbilia kwenye seng'enge iliyozama. Mimi nilipiga kelele, "Vuta!" Ogola naye, "Vuta, Dada!" Akeyo hakuvuta. Alilegeza uzi kabisa, akaacha ulale majini, mpaka samaki akadhani yuko huru akarudi kwenye kivuli chake. Hapo ndipo alipomleta barazani, taratibu, kama mtu anayemshika mtoto mkono avuke barabara. Bila mkono ule Ogola angebaki na cha kusimulia tu.

Tukamtoa. Nawaambia, alikuwa mrefu kupita mkono wangu kutoka kiwikoni mpaka ncha ya vidole, na mdomo wake ungemeza kikombe. Mkia ulikuwa umechanwa kidogo na seng'enge. Mama Akeyo akatoka jikoni na sufuria mkononi, maana jiko lilikuwa bado linawaka. Akamtazama samaki, akatazama meza iliyozama.

"Mlazeni kwenye gunia, juu ya meza ya jikoni," akasema. "Mnisimulie."

"Mama, si umeona mwenyewe?" Ogola akauliza.

"Baba yenu hakuwa anauliza apate kuona. Alikuwa anauliza apate kusikia. Simulieni."

Wakasimulia. Na wale wawili, Mungu wangu! Ogola akianza, Akeyo anamkatiza. Akeyo akiendelea, Ogola anasema hapana, wingu lilikuwa la pili. Wakaonyeshana kwa mikono, wakacheka, wakalia, wakakumbuka karai na soksi. Mama yao alikuwa ameshakaa chini na sufuria mapajani. "Chini ya meza yake," alikuwa anarudia. "Chini ya meza yake huyu mtu! Angewakaanga nyinyi kabla ya kumkaanga huyu. Huyu ni wa ubao." Akaitupa sufuria kando, nami nikaona machozi.

Lakini walifanya kosa moja, na ni kosa la watoto wa Abuya peke yao. Baba yao alikuwa anasikiliza masimulizi alfajiri, bandani kwenye ubaridi. Wao walisimulia saa za mchana, mbele ya jiko linalowaka, na walisimulia kwa raha sana. Mapezi yakaanza kukauka na kukunjamana. Mstari mweusi ukafifia. Mkia uliochanwa ukapasuka mpaka shinani. Walipomaliza kusimulia, besi wa ubao alifanana na ndala iliyoachwa juani.

Adoyo ndiye aliyekuwa wa kwanza kuona. Alivua leso yake, akailoweka, akamfunika samaki, akawafukuza wote jikoni. Hakusema mengi, huyu mtoto tangu zamani akikasirika ananyamaza. Alimchora kwenye karatasi kabla hajabadilika zaidi, akamchuna kwa kisu cha baba yake kwenye ubavu wa ukutani, akaipaka ngozi chumvi na dawa, akaikunja, akaondoka nayo Nakuru pamoja na ubao, alioazimwa na mama kwa kazi hiyo tu. Nyama tuliila siku hiyo hiyo, nami nilipewa kipande cha nyama ya mgongo, asante Mungu. Huko Nakuru, jioni baada ya kazi, Adoyo alichonga mwili wa mbao laini, akauvalisha ngozi, akaunga mkia uzi kwa uzi, akarudisha rangi moja baada ya nyingine kwa kukumbuka tu: kijani kile cha mgongoni, weupe ule wa tumboni, mstari mweusi. Kwenye kopo la baba yake la kakao alikuta jicho moja la kioo, la mwisho, na samaki wa ukutani anahitaji moja tu. Bila vidole vile pangebaki karatasi, mifupa na maneno.

Baadaye walikutana tena, mlimani kidogo, kwa dada yake Mama Akeyo, ambako mama alikuwa amehifadhiwa kwa muda. Adoyo akafungua blanketi. Nilikuwepo, kwa sababu penye chai ya yule mama huwa sikosi. Samaki alikuwa juu ya ubao wa mzeituni, amegeuka kidogo kama anayerudi kivulini, na jicho lake lilikuwa linatutazama. Mimi mwenyewe, mzee mzima, nilitamani Abuya aingie mlangoni na kusema, "Haya, nisimulie."

Kisha Mama Akeyo akasema, "Baba yenu aliacha neno. Ubao ni wa mtoto aliyemleta samaki. Ni nani?"

"Mama, ni mimi niliyemwona," Ogola akasema. "Mngekuwa mmeshaondoka."

"Kumwona si kumleta," Akeyo akajibu. "Umemwona majini. Mezani amefikaje?"

"Na mezani mlimwua mara ya pili," Adoyo akasema taratibu. "Mliyemleta nyinyi alikuwa ameharibika. Huyu aliye hapa nimemleta mimi."

Nilitaka kuwaambia kwamba ni ubao tu. Nashukuru sikufungua mdomo, kwa sababu mama yao alikuwa hajamaliza.

"Nataka mjue jambo moja kabla hamjagombana zaidi," akasema. "Hapa kwa dada yangu siwezi kukaa daima. Nyumba yetu imekwenda na maji. Nikilala najaribu kuukumbuka ukuta ule, na kitu pekee ninachokiona ni ubao huu. Kwa hiyo ubao utakakokwenda, nami nakwenda. Mkinitafuta Krismasi, mtanikuta chini yake."

Kila mmoja wao alimtaka mama yake. Sisemi hivyo kuwapamba. Niliziona nyuso zao. Akeyo alikuwa ameshamtengea chumba. Ogola alikuwa na watoto ambao hawajawahi kukaa na bibi yao zaidi ya wiki. Adoyo alikuwa anaishi peke yake, na usiku aliokuwa anapaka rangi alikuwa anazungumza na samaki kana kwamba anazungumza na baba yake, alituambia mwenyewe. Ubao ule sasa ulikuwa ndio nyumbani, na nyumbani pangekuwa kwa mmoja, wawili wabaki wageni.

Na wewe unayetaka kuniambia kwamba wangepokezana mwaka kwa mwaka, kaa chini. Ogola alilisema hilo. Mama yake akamjibu, "Nimehamishwa na ziwa mara moja. Sitahamishwa na watoto wangu kila Januari."

Akawaambia wasimulie upya, kama desturi ya nyumba yao ilivyo. Lakini safari hii aliweka sharti: mtu asiseme alichofanya mwenyewe. Amsimulie mwenzake.

Ogola akamsimulia Akeyo. Akasema yeye aliona samaki, ndiyo, lakini angekuwa na fimbo angevuta, na uzi ungekatikia kwenye seng'enge, kwa sababu hata bila fimbo alikuwa anampigia dada yake kelele avute. Akasema uzi ulipolala majini aliona jambo ambalo macho yake hayakuwahi kuliona: mtu anayekubali kupoteza samaki ili ampate.

Akeyo akamsimulia Adoyo. Akasema alipomwona samaki amekauka pale jikoni alijua ni yeye na mdomo wake, akaona aibu kumtazama mama. Akasema Adoyo angeweza kuwalaumu mbele ya jirani, lakini alivua leso yake tu. "Na mkia ule," akasema, "nimeutafuta mshono tangu nimeingia. Siuoni."

Adoyo akamsimulia Ogola. Akasema wao wote siku ile waliangalia maji yale wakaona hasara: shamba limekwenda, kuku wamekwenda, meza ya Baba imekwenda. "Kaka peke yake ndiye aliyetazama akaona kuna kitu kinaishi chini ya meza. Mimi nilikuwa nimegeuza uso. Nilikuwa siwezi kutazama."

Mama yao akawasikiliza wote mpaka mwisho. Zamani, mumewe alipokuwa amesikia vya kutosha, mkono wake ulikwenda kwenye kisu na watu wakajua uamuzi. Mkono wa Mama Akeyo ulikwenda kwenye ubao. Akauinua kutoka kwenye blanketi, akauweka mapajani, akaupangusa vumbi ambalo halikuwepo. Begi lake lilikuwa limeshafungwa, liko kando ya mlango, na watoto wake watatu walikuwa wamesimama mbele yake, kila mmoja na funguo za gari au nauli mfukoni, tayari kumbeba.

Halafu akageuka, akanitazama mimi. "Baba Kiarie," akasema, "wewe ulikuwepo mwanzo hadi mwisho. Ulimsikia Baba Akeyo kitandani. Aliyemleta samaki ni nani?"

Jamani, mimi na mdomo wangu wote huu, nilitazama kikombe changu.

Sasa kikombe hicho nakipitisha kwenu. Yule mama yuko pale, ubao uko mapajani, begi liko mlangoni, na nyinyi mmesikia kila kitu nilichosikia mimi. Kuna aliyeona, kuna aliyenasa, kuna aliyeokoa. Ukimtaja mmoja, umempa nyumba na mama. Na wawili umewaambia wabishe hodi. Je, ungekuwa wewe kwenye kiti changu, ungemjibu nini?